Mazungumzo ya Nyumbani: Korongo ni Njia ya Maji



Mwezi uliopita tulipokea barua ya mwalimu mmoja. Aliandika kwa ufupi, kama aandikavyo mtu mwenye kazi nyingi, akatuuliza neno moja tu. Wanafunzi wake wamesoma shuleni habari za milima, mabonde na makorongo, nao wamemsihi awapeleke waone korongo kwa macho yao. Wazazi wengine wamekubali, wengine wanaogopa. Je, awapeleke, au awaache wakalitazame katika picha za kitabu?

Swali hili tumelifikiri siku nyingi. Sisi wenyewe tulipata kuwapeleka watoto mahali pa namna hiyo, wala hatuwezi kumjibu ndugu yetu kwa ndiyo au siyo kabla ya kueleza yaliyotupata; au tuseme yasiyotupata, kwa maana kisa chetu ni kisa cha jambo ambalo halikutokea.

Kwanza na tujue korongo ni kitu gani. Bonde ni pana; waweza kulima bondeni, na kujenga, na kuchunga ng'ombe. Korongo ni ufa mrefu katika nchi, wenye kuta zilizosimama kama kuta za nyumba, na chini yake njia nyembamba. Watu wa mahali pakavu wayajua makorongo madogo yaliyo karibu na mashamba yao, yaliyochimbwa na mvua za miaka michache. Yale makubwa mengi yamechimbwa vivyo hivyo, ila kwa miaka maelfu na maelfu. Huko Marekani liko Grand Canyon, lililokatwa na mto Colorado; urefu wake wapata kilomita 446, na kina chake chapita kilomita 1.6. Katika Tanzania liko korongo la Olduvai, ambako mwaka wa 1959 Mary Leakey aliliona fuvu la kale sana. Na kama maji yasingalizikata tabaka zile za udongo, fuvu lile lingalibaki limefichwa mpaka leo. Basi mtu aonapo korongo, na akumbuke ya kuwa fundi wake ni maji, na ya kuwa fundi huyo hajaacha kazi.

Korongo tulilokwenda kuliona sisi liko Kenya, karibu na ziwa Naivasha, nalo huitwa Njorowa kwa jina la Wamaasai. Limo katika hifadhi ya Hell's Gate, yaani Mlango wa Jehanamu, iliyoanzishwa mwaka wa 1984. Wenye elimu ya miamba hutuambia ya kuwa zamani ziwa Naivasha lilikuwa kubwa kuliko lilivyo sasa, likafurika kwa upande wa kusini, na maji yake yalipokuwa yakitoka yakalikata korongo hili katika majivu ya volkano yaliyoshikamana. Siku hizi ziwa halifiki huko tena. Lakini njia ilibaki, na mvua inyeshapo vilimani huifuata njia ile ile.

Tulikwenda katika likizo ya Agosti mwaka wa 2018, walimu 4 na wanafunzi 22. Ilikuwa siku njema sana. Katika hifadhi hii watu huruhusiwa kwenda kwa miguu na kwa baiskeli, jambo ambalo haliruhusiwi katika hifadhi nyingi zenye wanyama. Basi watoto walipita karibu na pundamilia na swala kama wapitavyo karibu na mbuzi wa nyumbani. Tulisimama chini ya jabali liitwalo Fischer's Tower, lenye kimo cha meta 25 hivi, ambalo lilipewa jina la Gustav Fischer, Mjerumani aliyepita nchi hiyo mwaka wa 1883. Jabali lile ni mwamba wa moto ulioganda ndani ya koo la volkano, na volkano yenyewe imekwisha kulika na mvua na upepo, koo likabaki peke yake limesimama. Pimbi walikuwa wakiota jua juu yake. Mbele yetu tuliona mvuke mweupe ukipanda kutoka Olkaria, ambako tangu mwaka wa 1981 mvuke wa chini ya ardhi huendesha mitambo ya umeme. Watoto waliuliza maswali mengi kuliko waulizayo darasani kwa muhula mzima.

Kabla ya kushuka korongoni tulipewa kiongozi wa njia, mtu wa makamo, mwenyeji wa pale. Hakusema mengi. Alituhesabu mara mbili, akatazama viatu vya kila mtoto, akauliza kama yuko aliye mgonjwa, kisha akatangulia.

Twataka kusema kweli juu ya uzuri wa mahali pale, kwa sababu mtu akionywa hatari tu bila kuambiwa uzuri, hudhani ya kuwa waendao huko ni wapumbavu. Kuta zina mistari ya rangi, myekundu na ya kijivu na ya manjano, kama mistari ya kikoi. Mahali pengine maji ya moto hutiririka kutoka katika mwamba, nawe hukanyaga mchanga wenye vuguvugu. Mahali pengine njia huwa nyembamba hata mtu akinyosha mikono agusa kuta zote mbili, na sauti ya mtu mmoja hurudi kama sauti ya watu kumi. Juu yako huioni mbingu yote, waona utepe tu wa samawati.

Hapo palipo pembamba msichana mmoja, mdogo kuliko wenziwe wote, alisimama akatazama juu. Akauliza, "Mwalimu, gogo lile nani aliliweka?"

Tukatazama sote. Gogo kavu lilikuwa limekazwa baina ya kuta mbili, juu kuliko kichwa cha mtu aliyepanda mabegani mwa mwenziwe. Karibu na pale hapakuwa na mti hata mmoja. Tulipokuwa tukitafuta jibu, kiongozi akajibu kwa utulivu, "Ni maji, binti yangu. Na majani yale makavu yaliyo nyuma yake, ni maji vilevile."

Watoto wakanyamaza. Yule msichana akalitazama tena gogo, kisha akatazama miguu yake, kama mtu apimaye urefu wa kitu kwa macho.

Hatukuwa tumefika nusu ya njia tulipomwona kiongozi amesimama, ameinamisha kichwa, akisikiliza. Sisi hatukusikia kitu. Baada ya kitambo tukasikia ngurumo moja, mbali sana, kama mtu asukumaye meza katika chumba cha pili. Kiongozi akageuka, akasema neno moja: "Turudi."

Pamoja nasi alikuwako mwalimu kijana, mwenye bidii na mpendwa wa watoto, ndiye aliyekuwa amekusanya fedha za safari kwa miezi minne. Akasema kwa adabu, lakini kwa uchungu, "Mzee, mvua iko wapi? Tazama juu, hakuna hata wingu. Tena huu si wakati wa masika wala wa vuli."

Kiongozi akamjibu, "Mwalimu, mbingu uionayo hapa ni upana wa mkeka. Mvua ya kuogopwa hainyeshi hapa."

Tukarudi. Tulipanda mpaka juu ukingoni, tukaketi chini ya kivuli, tukangoja zaidi ya saa moja. Maji hayakuja. Korongo lilikaa kimya, kavu kama tulivyoliacha. Watoto walinung'unika, na katika basi wengine walifanya mzaha juu ya kiongozi aliyeikimbia ngurumo moja. Tulipofika nyumbani mzazi mmoja alitwambia waziwazi ya kuwa amelipa fedha za korongo zima, naye mtoto wake ameona nusu.

Yule mwalimu kijana alikuwa na hoja iliyo bora kuliko hiyo, maana ni msomaji wa vitabu. Alitukumbusha habari za John Wesley Powell, Mmarekani mwenye mkono mmoja, kwa kuwa wa pili ulikatwa kwa jeraha la vita mwaka wa 1862. Mwaka wa 1869 Powell na wenzake waliushuka mto Colorado kwa mashua, wakapita ndani ya Grand Canyon. Tarehe 28 Agosti walifika penye maji makali ya kutisha, na watu 3 wakasema, "Hatuendelei," wakapanda magenge ili watoke kwa miguu. Walioendelea walivuka salama, na kesho yake wakatoka katika korongo. Wale 3 waliouacha mto hawakuonekana tena. "Basi," akasema mwalimu, "si kila arudiye nyuma ni mwenye hekima."

Tulimkubalia ya kuwa kisa ni cha kweli. Lakini tulimwambia na tofauti yake. Watu wa Powell hawakuwa na mtu aliyeijua njia. Waliobaki na waliotoka wote walikuwa wakibahatisha, hawa wakapata, wale wakakosa. Sisi tulikuwa na mtu aliyelijua korongo lile. Kumwajiri mtu kwa ajili ya maarifa yake, kisha kuyakataa maarifa yale siku yanapotuudhi, ni sawa na kununua taa na kuizima usiku unapoingia. Hakutujibu, wala hatukumlazimisha.

Tarehe 1 Septemba mwaka wa 2019, baada ya mwaka mmoja na siku chache, wageni waliokuwa wakitembea katika korongo lile lile la Njorowa walipatwa na mafuriko ya ghafla. Watu saba wakafa, na kiongozi wa njia akiwa miongoni mwao. Yule mwalimu kijana alitupigia simu usiku. Alikaa kimya kwanza, kisha akasema, "Nimesikia habari. Nimekuwa nikihesabu watoto wetu 22, jina kwa jina." Hakuongeza neno.

Wala hiyo haikuwa mara ya kwanza. Mwezi wa Aprili mwaka wa 2012 kundi la vijana wa kanisa walikwenda huko kutembea, na maji yakawakuta korongoni. Saba wao wakafa. Walikuwa vijana kama wa nyumba zenu ninyi msomao ukurasa huu, waliotoka kwao kwa furaha wakiwa na chakula mkobani. Na wasomaji wasidhani ya kuwa ni mambo ya Afrika tu. Huko Arizona, Marekani, katika nchi ya Wanavajo, liko korongo jembamba na zuri mno liitwalo Antelope Canyon. Tarehe 12 Agosti mwaka wa 1997 watu 11 walikufa ndani yake. Mvua kubwa ilikuwa imenyesha mbali, kilomita nyingi upande wa juu, na maji yakashuka juu ya watu ambao palipokuwa wao hapakuwa na mvua ya kutisha.

Kwa nini maji ya korongo huja kwa ghafla na kwa nguvu hivi? Walimu, jambo hili mwaweza kuwaonyesha watoto bila safari. Chukueni debe la maji, mlimwage uwanjani palipo tambarare. Maji yatatawanyika, hayatalowesha ila nyayo. Kisha chimbeni mfereji mwembamba penye mteremko, mweke ndani yake kandambili ya mtoto, mmwage debe la pili kwa mara moja. Kandambili itachukuliwa. Maji ni yale yale. Kilichobadilika ni upana wa njia.

Na wale wapendao hesabu na wahesabu hivi. Kijito chenye upana wa meta 10 na kina cha nusu meta mtu mzima huweza kukitazama bila hofu. Lakini kijito hicho kikiingizwa katika mlango wenye upana wa meta 1, na mwendo wake usipobadilika, sharti kipande mpaka meta 5. Kwa kweli mwendo nao huongezeka, kwa hiyo kimo hakifiki hapo sawasawa; lakini atakayenusurika na kimo atakutana na nguvu. Meta moja ya maji, kwa urefu na upana na kina, ina uzito wa kilo 1,000, yaani magunia 10 ya kilo 100. Na maji yashukayo kwa nguvu huyafikia magoti tu, yakamwangusha mtu mwenye misuli. Tena maji yale si maji matupu, huchukua mawe na matope na magogo. Nayo nchi iliyo juu ya korongo mara nyingi ni mwamba au udongo mgumu usionywa maji upesi, basi mvua ya nusu saa hutiririka yote, vijito kumi hukutana, na wote mlango wao ni mmoja.

Sasa, ndugu mwalimu, twakujibu. Wapeleke watoto. Mtoto aliyegusa tabaka za majivu kwa mkono wake hatazisahau, na nchi hii ni yake, yampasa kuijua. Lakini shika maneno haya.

Usiende bila kiongozi mwenyeji. Kabla ya kushuka, usimwulize, "Mvua itanyesha hapa?" Mwulize, "Maji ya korongo hili hutoka wapi, na huko jana na leo pamenyesha?" Sikiliza habari za hali ya hewa za nchi iliyo juu, wala si za mahali ulipo tu. Usiitegemee simu ukiwa chini, maana kuta huzuia. Ukikuta njia ya kushukia imefungwa kwa amri ya wenye hifadhi, usitafute njia ya pembeni. Na usiseme, "Si majira ya mvua"; maafa ya Aprili yalikuwa katika masika, lakini ya Septemba hayakuwa katika masika wala vuli.

Mkiwa ndani, hesabuni watoto kila mahali pembamba, mwalimu mmoja mbele na mmoja nyuma, asiwepo mtoto wa kukimbia kutangulia. Kila mpitapo mahali pa kupandia, waonyesheni watoto, waseme wenyewe, "Hapa twaweza kutoka." Mkiona maji yaliyokuwa safi yamekuwa ya udongo, au vijiti na majani yaanza kuelea, au mkisikia mvumo kama wa gari zito, msingoje kuona zaidi. Msikimbie kuufuata mkondo, maana maji yana mbio kuliko mtoto. Pandeni, kila mtu mahali pa juu palipo karibu naye, mkiacha mikoba na viatu vilivyovuliwa na kila kitu chenye bei. Na mkisha kupanda msishuke kwa sababu maji yamepungua kidogo; pengine mkondo wa pili waja nyuma ya wa kwanza.

Lakini neno lililo kubwa kuliko hayo yote lapasa kufanywa nyumbani, kabla ya nauli kulipwa. Waite wazazi na watoto, uwaambie, "Yawezekana tutarudi bila kufika. Yawezekana tutarudi kwa ajili ya ngurumo moja, na maji yasije, nanyi mtatucheka. Mwakubali?" Wakikubali mapema, siku ile hutakuwa na mzigo wa fedha zao mabegani mwako. Maana twaona ya kuwa walimu wengi hawapotezwi na ujinga. Hupotezwa na haya, kwa kuogopa kurudi na watoto waliokasirika. Na arudiye mapema hapati ushahidi wa kujitetea. Maji yasipokuja, huonekana mwoga. Na yakija, yeye hayupo pale kuyaona. Sisi tangu siku ile hatujapata kujua kama ngurumo ile ilileta kitu katika njia nyingine ya vilima, au haikuleta. Twajua tu ya kuwa tulitoka 26, tukarudi 26.

Yule msichana aliyeuliza habari za gogo sasa ni mkubwa. Hivi karibuni alikuja kutuamkia, na katika mazungumzo tukamwuliza anakumbuka nini katika safari ile. Tulidhani atataja pundamilia, au mchanga wenye vuguvugu. Akasema, "Nakumbuka gogo. Mpaka sasa nikipita darajani hutazama kwanza ni kitu gani kimekwama juu."

Basi, ndugu mwalimu, ukienda, waonyeshe watoto wako mahali maji yalipofika. Na ukisha kurudi, tuandikie, hata kama mtakuwa mmeona nusu tu.